Uzi ndani ya foleni ya duara: shajara ya kutengeneza udi wa kompyuta, Lamu

5 Juni

Nimefika nyumbani Langoni jana magharibi kwa boti ya Mokowe, mkoba mmoja wa nguo, mwingine wa kompyuta. Likizo ni wiki kumi. Nimeamua kuandika kila ninapopiga hatua, maana muhula uliopita nilianza mradi huuhuu mara mbili, na mara zote mbili nilirudi kwenye msimbo baada ya wiki tatu nisikumbuke kwa nini namba fulani niliiweka pale.

Mradi wenyewe ni programu itakayotoa sauti ya udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Sitaki kurekodi udi wa ami na kuucheza tena, kwani hiyo ni kazi ya kinasa sauti. Nataka kila sauti izaliwe kwenye hesabu papo hapo kidole kinapogusa kitufe. Ami, ndugu mdogo wa baba, amepiga udi kwenye harusi za mji huu tangu kabla sijazaliwa. Na huu ndio mji uliomzaa Zein l'Abdin, mpiga udi na mwimbaji wa taarabu; ukikulia hapa, udi umo masikioni mwako hata kama hujawahi kuushika.

Jana usiku baada ya chakula nilimweleza ami ninachotaka kufanya. Akauliza, "Na hiyo kompyuta itashikaje risha?" Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa chuoni, maana risha ndiyo inayodonoa nyuzi. Nimeliandika ukutani juu ya meza.

8 Juni

Kompyuta haijui sauti, inajua namba. Sauti ya kiwango cha CD ni namba 44,100 kila sekunde, ziitwazo sampuli, kila moja ikiiambia spika isogee mbele au irudi nyuma kiasi gani. Sikio la binadamu husikia hadi Hz 20,000 hivi, yaani mizunguko 20,000 kwa sekunde, na ili ulinase wimbi lazima ulipime zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake. Ndiyo sababu ya namba hiyo kubwa.

Nimeanza kwa njia ya vitabu: jumlisha mawimbi ya sini. Moja la Hz 220, jingine la 440, la 660, na kuendelea, kila moja likififia kwa kasi yake. Nimeweka mawimbi 20. Kila wimbi lina ukubwa wake, muda wake wa kufifia na mahali pake pa kuanzia, kwa hiyo nina namba 60 za kukisia. Nimekisia siku tatu. Kinachotoka ni safi mno, kama kengele ya simu. Hakuna mkwaruzo wa mwanzo, ule wa risha kuuachia uzi.

11 Juni

Umeme ulikatika tangu alasiri. Betri ilikuwa na saa moja na kitu, nikaitumia kusoma makala niliyoipakua kabla ya kuondoka chuoni: Kevin Karplus na Alex Strong, 1983, kuhusu kutengeneza sauti ya nyuzi zinazodonolewa. Nimeisoma mara mbili, kisha nikatoka nje barazani kukaa, kwa sababu sikuamini.

Njia yao ni hii. Chukua foleni ya duara, yaani safu ya namba ambayo mwisho wake huungana na mwanzo, yenye nafasi 200. Ijaze namba za bahati nasibu, yaani kelele tupu. Kisha zunguka: toa namba ya mbele uipeleke kwa spika, ichanganye na jirani yake uchukue wastani, na huo wastani uurudishe kwenye foleni. Basi. Kwa lugha ya Python, mzunguko mzima ni huu (bafa ndiyo foleni, N ni idadi ya nafasi zake, p ni mahali tulipo):

```
for i in range(urefu):
    sauti[i] = bafa[p]
    k = (p + 1) % N
    bafa[p] = 0.5 * (bafa[p] + bafa[k])
    p = k
```

Umeme uliporudi saa nne usiku niliuendesha. Ulitoka uzi. Si wimbi linaloigiza uzi: uzi hasa, una mkwaruzo mwanzoni, unang'aa, kisha unalainika na kwenda zake. Nimeucheza labda mara hamsini, hata mama akaniita akidhani kuna mtu kaja na gitaa.

Nataka nieleze kwa nini inafanya kazi, maana hapa ndipo mradi wote ulipogeuka kwangu. Udonoapo uzi, msukosuko hukimbia hadi mwisho mmoja, hugonga, hurudi, hugonga mwisho wa pili, hurudi tena. Foleni ndiyo hiyo safari. Urefu wa foleni ni urefu wa uzi. Kelele ikijirudia ileile mara 220 kwa sekunde, sikio haliisikii tena kama kelele, linaisikia kama noti. Na ule wastani wa majirani wawili ndio upotevu: kila safari uzi wa kweli hupoteza nguvu kidogo, na sauti kali za juu hupotea kabla ya zile nzito za chini. Ukichukua wastani wa namba mbili zinazorukaruka, mruko mkali hufa kwanza. Mstari mmoja unafanya kazi ya zile namba zangu 60.

Foleni ya duara tulifundishwa mwaka wa pili. Nilichora duara kwenye karatasi ya mtihani, nikaandika mahali pa kuingizia na mahali pa kutolea, nikapata alama zangu na kuisahau. Hakuna aliyeniambia kwamba ni uzi.

12 Juni

Kosa dogo. Sauti inakwisha lakini mwisho wa faili kuna "tik". Nimechora wimbi: halirudi sifuri, limekaa juu kidogo ya mstari. Kelele ya mwanzo haikuwa na wastani wa sifuri, na kujumlisha majirani kisha kugawa kwa mbili hakuondoi kile ambacho wote wanacho sawa. Nimetoa wastani kwenye kelele kabla ya kuanza.

15 Juni

Ami amekuja baada ya isha na udi wake. Nilicheza noti ya La ya Hz 220 kutoka simuni, akaitafuta kwenye uzi kwa kidole mpaka zikafungamana, kisha nikaicheza ya kwangu juu ya yake. Alisikiza kidogo tu.

"Yuu kidogo, mwanangu."

Nikamwambia hesabu ni ya makala. Akasema, "Ndoo usikize tena. Husikii inapanda na kushuka?" Kweli ilikuwa inavuma, wee, wee, mara moja hivi kwa sekunde. Sauti mbili zinazokaribiana huvuma kwa tofauti yao, kwa hiyo mvumo mmoja kwa sekunde maana yake nimekosea kwa Hz 1.

Nimekesha nayo. Makala inasema mzunguko una urefu wa N na nusu: 44,100 gawa kwa 200.5 ni Hz 219.95. Lakini wao huchanganya namba na ile iliyotangulia. Mimi, kwa kuandika haraka, nimechanganya na ile inayofuata, na hiyo inaufupisha mzunguko badala ya kuurefusha: 44,100 gawa kwa 199.5, ambayo ni 221.05. Sampuli moja tu, na sikio la ami limeikamata kabla ya chombo chochote cha kompyuta yangu.

19 Juni

Kusi limechafuka, boti za Shela zinakwenda kwa taabu. Nimeshinda ndani.

Tatizo jipya ni ndugu wa lile la juzi. Foleni haina nafasi nusu. Noti za chini hazijali, lakini ukipanda hadi Hz 880, foleni ya 50 (kwa msimbo wangu, mzunguko wa 49.5) inatoa 890.9 na ya 51 inatoa 873.3. Hakuna katikati. Wanamuziki hugawa nusu-toni moja vipande 100 viitwavyo senti; mimi hapa nina chaguo la kuwa senti 21 juu au senti 13 chini. Yote mawili yanakera.

Dawa iliandikwa mwaka huohuo wa 1983, na David Jaffe na Julius Smith: weka ndani ya mzunguko kichujio kinachopitisha masafa yote kwa ukubwa uleule, kazi yake ikiwa kuchelewesha tu, kwa kipande cha sampuli. Kwa 880 ninahitaji kucheleweshwa sampuli 0.61 zaidi. Mistari mitatu ya msimbo, siku mbili za kuielewa. Sasa noti zote zimekaa.

24 Juni

Muda wa kufifia. Nyuzi nzito zilikuwa zinalia kama hazina mwisho na nyembamba zinakufa papo hapo. Udi hauko hivyo; hata uzi wake mzito hauchelewi kunyamaza. Sasa kila mzunguko unazidishwa kwa namba iliyo chini kidogo ya 1, na namba hiyo siikisii, naihesabu kutokana na muda ninaoutaka. Nikitaka uzi wa Hz 220 ushuke desibeli 60, yaani hadi moja ya elfu ya ukubwa wake, kwa sekunde 2, ni 0.984 na kitu. Ukiweka 0.996 utalia karibu sekunde 8, na hilo ni gitaa la chuma. Tofauti ya sehemu kumi na mbili kwa elfu inabadilisha chombo.

27 Juni

Nyuzi za udi hukaa mbilimbili, isipokuwa ule mzito ambao aghalabu hukaa peke yake. Risha hupiga zote mbili kwa pigo moja. Nimekuwa nikisahau hili wakati wote, na ndiyo maana sauti yangu ilikuwa nyembamba.

Nimeweka foleni mbili kwa kila noti, ya pili ikiwa juu kwa senti 3. Ni Hz 0.38 tu kwenye La, mvumo mmoja kila sekunde mbili na nusu. Sauti imepumua. Nilijaribu senti 0, yaani nyuzi zilizolingana kabisa, na ikarudi kuwa uzi mmoja wenye nguvu maradufu. Ami anasema udi uliolinganishwa kupita kiasi huwa mkavu. Nilikuwa nikidhani ni maneno ya wazee, kumbe ni hesabu.

Pia mahali pa kudonoa. Ukidonoa katikati kabisa ya uzi, sauti za juu za shufwa (ya pili, ya nne, ya sita) hupotea. Ukidonoa kwenye moja ya tano, kila ya tano hupotea. Kwenye msimbo ni kupunguza kutoka kelele ya mwanzo nakala yake iliyocheleweshwa kwa sehemu hiyohiyo ya foleni. Nimeifanya iwe namba ya kusogeza. Kusogeza kutoka 0.5 hadi 0.1 ni sawasawa na kumwona ami akiuvuta mkono wake kuelekea mwisho wa nyuzi.

4 Julai

Leo ni siku ya furaha kuliko zote.

Nilikuwa na uzi, sina tumbo. Udi ni bakuli la mbao lenye uso mwembamba, na bakuli hilo lina sauti yake: ukiligonga kwa kifundo cha kidole bila kugusa nyuzi, hutoa "du" fupi lenye joto. Nilitaka hilo "du". Lakini kuupitisha uzi wote ndani ya tumbo, sampuli kwa sampuli, ni kazi nzito kwa kompyuta yangu.

Njia ya mkato ni nzuri hata nilipoielewa nikacheka peke yangu. Uzi na tumbo vyote ni mifumo ya mstari: ukiongeza kinachoingia maradufu, kinachotoka huongezeka maradufu, na tabia yao haibadiliki kadiri muda unavyopita. Mifumo ya namna hiyo ikifuatana, mpangilio haujalishi. Uzi kisha tumbo ni sawa na tumbo kisha uzi. Basi chukua mlio wa tumbo lililogongwa, uliorekodiwa, na huo ndio uumwage kwenye foleni mahali pa kelele. Tumbo limeshaingia, na gharama yake ni ndogo.

Kurekodi ndiko kulikotoa jasho. Chumba cha ndani kina kuta nene za mawe ya matumbawe, lakini asubuhi kuna punda, mchana kuna friji na feni, na jioni watoto. Mara tatu nimegonga na mara tatu punda amejibu. Saa tatu usiku umeme ukakatika. Friji ikanyamaza, feni ikanyamaza, mtaa mzima ukanyamaza, nikamkimbilia ami gizani na simu mkononi. Alifunika nyuzi kwa kitambaa, akagonga uso wa udi mara kumi na mbili, chini ya daraja, juu, pembeni. Nimechagua ya tano.

Nilipomchezea, ami hakusema kitu. Alichukua kompyuta akaisogeza karibu na sikio. Kisha akauliza kama naweza kumfanyia na ule udi wa marehemu babu uliopasuka uso, ambao haupigiki tena lakini tumbo lake zima. Nimemwambia nitajaribu.

9 Julai

Hadi sasa nilikuwa natoa faili kisha nasikiza. Sasa nahamia lugha ya C++ ili sauti itoke kitufe kinapobonyezwa. Mfumo wa sauti huja na kikapu cha sampuli 256 na kusema kijaze. Una milisekunde 5.8. Ukichelewa, spika hutoa "krr".

Yangu ilitoa "krr" tupu. Sababu: kila noti mpya nilikuwa naomba kumbukumbu mpya kwa mfumo, tena naandika ujumbe skrini. Maombi hayo hayana muda maalumu. Leo yatajibiwa haraka, kesho yatasubiri. Nimetenga foleni zote mwanzoni, 16, na hakuna kuomba chochote wakati muziki unaendelea.

13 Julai

Kitendawili kilichonila siku tatu. Programu inapiga vizuri. Nikiacha kubonyeza, kimya. Baada ya sekunde 25 hivi, ndani ya kimya hichohicho, feni ya kompyuta inaanza kuvuma na "krr" inarudi. Kompyuta inachoka ikiwa haina kazi!

Kumbe kazi ilikuwepo. Uzi haufiki sifuri kamwe. Hupungua na kupungua. Namba za biti 32 zikishuka chini ya 10 kwa kipeo cha hasi 38 hivi, huingia eneo la namba ndogo mno ambazo prosesa nyingi hushughulika nazo polepole sana kuliko namba za kawaida. Desibeli 60 kwa sekunde 2 hufika huko kwa sekunde 25. Hesabu imelingana na saa ya ukutani, na nilipoona hivyo nililala usingizi mzuri kabla hata ya kurekebisha. Asubuhi nimewasha kile kigezo cha prosesa kinachozifanya namba hizo kuwa sifuri.

20 Julai

Makamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu. Nilikuwa nimepanga noti kwa kanuni ya kawaida ya MIDI, mfumo unaozipa noti namba: noti 69 ni Hz 440, kila hatua ni nusu-toni. Ami alijaribu kupiga Rasti, moja ya makamu hizo, kwa vitufe na akasimama kwenye noti ya tatu. Haipo. Iko kati ya vitufe viwili.

Alinikumbusha tashkota, kile chombo cha nyuzi chenye vitufe kama vya taipu, kilichobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912 kikafika pwani yetu na kuingia kwenye taarabu. "Tashkota pia ukibonyeza upate kilichowekwa. Udi hauna vituo, kidole ndicho kinachojua."

Kwa bahati kanuni ya Hz haijali kama namba ya noti ni nzima. Noti 63.5 ni halali kabisa kihesabu. Nimeongeza jedwali la makamu: kila kitufe kina noti yake na senti za kuongeza au kupunguza. Vitabu huiweka ile ya tatu ya Rasti kwenye senti 350 kutoka ya kwanza. Nilimrekodi ami mara nane. Hakuwahi kuwa kwenye 350 kamili, na akishuka huwa chini kuliko akipanda. Kwa hiyo jedwali langu lina safu mbili, kupanda na kushuka. Sijaona sintesaiza nyingine yenye hiyo, na nimeiandika kwa fahari.

28 Julai

Ami anapopiga uzi mmoja kwa haraka, risha juu na chini, yangu ilisikika kama mtu anaukamata uzi kabla ya kila pigo. Kosa langu: kila pigo jipya lilikuwa linaifuta foleni. Uzi wa kweli haufutwi, unapigwa ungali unatikisika. Sasa ninapunguza kilichomo kwa nusu, maana risha inapogusa huuzuia uzi kidogo, kisha naongeza pigo jipya juu yake. Pigo la chini nimelipa nguvu zaidi ya la juu. Hapa ndipo nililitoa lile swali ukutani.

6 Agosti

Nimegonga udi wa babu. Tumbo lake ni zito zaidi, "du" lake linachelewa. Ufa unasikika pia, mkoromo mdogo, na ami hakutaka niuondoe. Programu sasa ina udi mbili.

Kilichobaki ni kuteleza kwa kidole. Ami anatoka noti moja hadi nyingine bila kuunyanyua, na sauti hupita kote katikati. Nikibadilisha urefu wa foleni, sauti hupanda ngazi badala ya kuteleza. Nikikibadilisha kile kichujio cha Jaffe na Smith katikati ya noti, hutoa "tik". Nimejaribu kusoma kati ya sampuli mbili kwa mstari ulionyooka: inateleza vizuri, lakini sauti inafifia ung'avu, kwa sababu kusoma katikati ni wastani mwingine tena ndani ya mzunguko. Nafikiri jibu ni kutumia sampuli nne badala ya mbili, na kurudi kwenye kichujio kidole kikitulia.

Nimemrekodi ami akiteleza kutoka Re hadi Sol mara sita, polepole na haraka. Faili ziko kwenye folda ya kuteleza, zimepewa tarehe. Basi la Mombasa linaondoka Mokowe kesho alfajiri, na betri imejaa.